Hodi Bila Mlango

Mchana ukumbi huu ni wa badmintoni.
Sakafu ina mistari: myeupe, myekundu, ya buluu,
na Burnley nje inanyeshewa kama ilivyonyeshewa jana.
Saa mbili usiku tunavuta vitanda vya kukunja kutoka stoo
na mistari inageuka kuta.

Janine na wanawe wawili wanakaa kwenye mraba wa kuanzishia mchezo.
Nyuma ya wavu ni Mehret na mtoto wake mchanga.
Bwana Duckworth na mjukuu wake tumewapa pembe ya kabati la mipira,
ndipo mahali pekee pasipopenya upepo,
na kifua cha mzee kinachemka kama birika.
Hakuna anayekanyaga mstari wa mwenziwe.
Hata soksi ikidondokea upande wa pili
haiokotwi mpaka iombwe.

Mimi ndiye niliyewafunza watoto neno hodi.
Kwao mtu hugonga mlango,
na mlango ndio hawana.
Nikawaambia: kwetu mdomo unatosha.
Basi jioni nzima ni hodi, hodi,
Corey kwenye mstari mwekundu, mguu mmoja juu kama korongo,
anangoja karibu yake.

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Leo Janine ana siku ya arobaini na tatu.
Jembe analo: anasafisha ofisi za benki kabla hakujakucha.
Mshahara ukianza kupanda ngazi
kodi ya nyumba imeshafika juu, inamngoja.

Sasa, Ormerod.
Ormerod ndiye aletaye magodoro kwa gari lake dogo,
ndiye ajuaye bomba gani la joto linataka teke.
Hali biskuti zetu. Haketi.
Usiku mmoja, saa tisa, nikimmiminia chai,
akasema, macho kwenye mashine ya kukaushia nguo:
miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa vitasa.
Madalali wa mahakama walinipigia simu asubuhi,
nami nikafika na begi langu. Dakika sita.
Kitasa cha zamani mfukoni, kipya mlangoni.
Kazi safi. Sikutazama
nani ameketi juu ya masanduku.
Akanyamaza.
Dakika sita, akarudia, kama mtu anayejisifu
au anayetaka kutapika.
Sikujua nimpe neno gani.
Nilimwongezea sukari.

Alhamisi Janine akapata nyumba kule Nelson,
vyumba viwili, ukungu bafuni, lakini nyumba.
Ormerod alikwenda na begi lile lile.
Nasikia safari hii ilimchukua saa nzima,
akipaka mafuta, akifunga, akifungua, akifunga,
mpaka Janine akamwuliza kama kimeharibika.
Funguo tatu akamwekea kiganjani, mmoja mmoja.
Na Maddison, mwenye miaka mitano,
akaizunguka sebule tupu akitazama chini,
akauliza mistari yetu iko wapi.

Usiku ule ule mraba wao ulipata watu:
baba, mapacha,
na ndege wa njano kizimbani, amefunikwa sweta.
Godoro la Corey lilikuwa bado na shimo la goti lake.
Nikatandika shuka nyingine juu yake.
Baadaye, taa zikiwa zimepunguzwa,
nilikumbuka sijawapa mto wa tatu.
Nikasimama nje ya mstari mweupe,
nikasema, kwa sauti ya chini, hodi.
Yule baba, asiyelijua neno, akainuka upesi
akaanza kukusanya vitu vyao,
akidhani nimekuja kuwatoa.