Pishi ya Vibaba Vitano

Wakiniuliza uchumi nimeusomea wapi
huwajibu: Tunguu, kisha ng'ambo miaka minne.
Huridhika. Cheti kipo ukutani,
kimepinda kidogo upande wa kulia.

Mtambwe siitaji.
Sitaji usiku wa kuchambua, karabai katikati ya jamvi,
mama yangu Mize Asaa na wenziwe wanane,
vidole vikinuka karafuu hata ndani ya bakuli la muhogo,
wala Bwana Tumu akija na pishi yake ya bati,
akiijaza, akiitikisa, akiishindilia kwa kiganja,
akiongeza tena, taratibu,
kama mtu anayemvisha mtoto kofia.

Pishi ni vibaba vine. Nani Pemba hajui?
Nilikuwa na miaka tisa na kibaba cha bibi.
Nikangoja Bwana Tumu aende kuswali isha,
nikapima.
Vitano. Na chembe za kujaza kiganja.

Huo ndio utafiti wangu wa kwanza:
sampuli moja, mfadhili hakuna,
na matokeo yalichapwa usiku ule ule
mgongoni pangu.
Aliyechapa ni mama.
"Ukimwambia ni vitano," alisema, akihema,
"kesho hatupati hata vine."
Nimefundisha gharama mbadala kwa vitabu saba.
Hakuna kilichoieleza vizuri zaidi.

Miaka thelathini na mmoja nachora mistari miwili ubaoni,
huu wapanda, huu washuka,
na pale inapopishana huandika BEI
kwa chaki nyekundu.
Mwaka jana Raya Mbarouk, kiti cha nyuma,
hana hata daftari, akanyoosha mkono:
"Mwalimu, anayepima yumo wapi humo?"
Nikautazama ubao
kama niliyeulizwa njia ya kwetu nikaisahau.
Nikasema tutalizungumza wiki ijayo.
Wiki ijayo ilikuwa ya mitihani.

Mapenzi yangu mengine ni madogo.
Nakusanya mawe ya mizani: wakia, nusu ratili,
moja limeliwa na kutu hata halimdhulumu mtu tena.
Nyuma ya nyumba, Fuoni, nalea mivanila isiyozaa.
Naamini timu ya Wete itapanda daraja,
jambo ambalo takwimu zote zinalikana.
Na vikaoni, mkuu wa idara akisoma bajeti,
vidole vyangu chini ya meza vinahesabu silabi,
nane, nane,
maana mizani ni mizani.

Hapo ndipo nilipomtungia mama,
arubaini yake ilipokwisha:

*Mama pishi yako nayo, hadi leo naipima,*
*Vibaba vitano ndiyo, si vine walivyosema,*
*Sikudai siku hiyo, mgongo uliniuma,*
*Nalipa sasa kwa moyo, kibaba chako, mama.*

Jirani yangu wa idara ya Kiswahili
aliusoma amesimama mlangoni, kalamu mkononi.
Mstari wa mwisho, akasema, umepungua mizani moja.
Tia "we" hapo, "we mama",
utimie.

Nilimwomba aniachie kama ulivyo.
Akasisitiza: hesabu ni hesabu, profesa,
wewe ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Nalijua.
Lakini safari hii pishi ninayo mimi.