Dodoso la Arobaini na Saba

Mwalimu Gantulga anataka madodoso mia mbili kabla ya Ijumaa.
Nimekaa jikoni, ghorofa ya nne ya bweni, Ulaanbaatar,
dirisha limeganda ndani na nje,
najumlisha: moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa,
na katikati humo wamejibana watu.

Wengi huzungushia tatu.
Tatu ni namba ya wenye haraka.

Lakini hili la arobaini na saba limeandikwa pembeni,
wino wa buluu umepanda hadi kwenye pini.

*Je, unapata usingizi wa kutosha?*
Tuko sita chumbani. Taa huzimwa na anayechoka wa mwisho.

*Familia yako inakuunga mkono katika masomo?*
Tano. Tano imekatwa. Nne.
Kisha: baba ameuza farasi wawili na kondoo arobaini
ili nisomee uhandisi wa madini.
Kila nikifungua kitabu
nawasikia wakitafuna.

*Unajisikiaje usiku wa kuamkia mtihani?*
Hapa hakuna duara. Amechora sufuria,
na ndani ya sufuria kitu kidogo chenye macho.
Nilicheka.
Halafu nikaangalia yale macho.

*Wenzako wana mchango gani?*
Tumenbayar huniazima daftari nikichelewa.
Hao wa mjini hawanicheki, hapana.
Hunisahihisha matamshi tu,
kwa upole, mbele za watu,
na siku hizi siulizi kitu darasani,
sinyooshi mkono
hata jibu likiwa mdomoni.

Mstari huo nimeurudia mara tatu.
Kikokotoo kinangoja. Niupe namba ipi?
Mwalimu alishasema, ya pembeni ni takataka, yaache.
Nayaacha. Naweka nne, naweka mbili,
kwenye sufuria naweka *hakujibu*.

Solongo anaingia na kikohozi chake cha moshi wa makaa,
anamwaga mezani jibini kavu aliyotumiwa na nyanya yake,
ngumu kama kokoto.
"Umefika ngapi?"
"Mia moja tisini na tisa."
"Na lako?"

Mimi ndiye mwenye utafiti, namwambia.
Simwambii kwamba tangu Oktoba sijakanyaga darasa la hesabu,
kwamba huondoka hapa asubuhi na mkoba,
nikazunguka na basi hadi mwisho wa njia na kurudi.
Mama hupiga simu Jumapili, huuliza jambo moja tu,
"Unakula?"
nami humjibu kwa alama za mtihani
ambao sikuufanya.

Karatasi ya mwisho imebaki. Jina halihitajiki.
*Je, unapata usingizi wa kutosha?*
Wino umegoma kwa baridi, naupulizia pumzi.
Naipita moja, naipita tano,
naisogeza kalamu hadi ukingoni, kwenye weupe.
Solongo anavunja jibini kwa magego,
hasemi kitu,
anatazama nitaanzia wapi.