Pindo

Kipupwe kimeingia Mkomani kwa mlango wa uani,
hakikubisha hodi.
Manyunyu ya alasiri yameacha kuta zikitoa jasho
na wifi yangu Sauda kawahi kuja,
bangili nane kila mkono,
anasikika kabla hajaonekana.

"Hujavaa?"

Nimeketi kitandani, leso begani,
kama bi harusi aliyesahau harusi ni ya nani.

Miezi minne na siku kumi
bila wanja, bila hina, bila tone la marashi.
Eda imekwisha juzi.
Leo ni arobaini ya mjukuu wangu Barke,
aliyezaliwa nami sijui
nianze na kicheko au nimalize kilio.

Tima kaniletea gauni la dukani, limejaa vimetameta,
karatasi ya bei ingali kwapani.
"Mama, leo ung'are."
Nikalishika. Likanikwaruza kama magamba ya changu.
Nikamwambia, mwanangu, taa ipo darini, inatosha.

Kisha nikafungua sanduku.
Chini kabisa, ndani ya foronya,
nguo aliyoikata Mshamu mwezi wa Rajabu,
kabla ya kifua kumshinda:
kitambaa kizito kidogo, cha baridi,
rangi ya jani la mkunazi,
mikono mirefu,
shingo isiyotaka kujua mambo ya watu.
Hakuna taraza. Hakuna lasi.
Fundi wa Langoni,
wake za watu akiwashonea maua na tausi,
mimi akinishonea mistari iliyonyooka.
Zamani nilinuna, nikidhani ni ubahili.
"Nguo ikisema sana," alinambia, sindano mdomoni,
"mwenyewe atasema nini?"

Pindo hakuliwahi.
Chaki ya buluu ingalipo, mstari wa mkono wake,
umeyumba mahali pamoja tu:
hapo alikohoa.

Jana usiku nimelikunja, nimelishona
kwa mshono usioonekana,
chaki nikaiacha kwa ndani.
Ataijua kifundo cha mguu wangu.

Kipini kimoja puani, kama punje ya mtama.
Dhahabu nyingine imelala kijalubani, sikuiamsha.
Wanja mwembamba;
mkono ulikuwa umesahau njia,
nikafuta, nikaanza upya.
Kikuba alichounga Tima kilikuwa kikubwa mno.
Nikachomoa asumini tatu
nikazifutika kifuani,
zinuke zenyewe zikipenda.

Halafu chetezo.
Nikasimama juu yake, udi ukapanda
magotini, kiunoni, shingoni,
taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani usiku
hataki kuwaamsha waliolala.
Macho yakaniloa.
Nikasema ni moshi.
Sauda naye akasema, "Moshi huu!"

Sebuleni wamekwisha kujaa.
Chai ya tangawizi, kaimati, mkate wa sinia,
watoto wamejibana kwenye mkeka mmoja kwa baridi.
Nikaingia. Hakuna aliyeshtuka.
Mmoja tu, mke wa imamu, bibi mkongwe mwenye macho mabovu,
akainua pua, akatabasamu upande wangu.

Sauda alikuwa na mtoto.
Kila alipombembeleza, bangili zikagombana,
Barke akafumbua macho, akapiga ukelele.
Mara ya tatu Sauda akanipa.
Barke akasugua shavu kwenye kitambaa cha bega,
hakukuta cha kumchoma,
akatema maziwa kidogo, akalala.

Sauda akatazama.
Akaanza kuvua bangili,
moja, moja, moja,
akizipanga kidakani kimya kimya
kama anayeweka mayai.
Akaja kuketi kando yangu, mikono mitupu,
akapitisha kidole kwenye mshono wa bega
akiufuata, akiufuata,
kidole kikasimama.

Hakuuliza fundi.
Alikuwa dada yake.

Nikavuta pindo likafunika mguu.
Nje manyunyu yameanza tena.