Mstari Usionyooka

Saa tisa usiku, Punta Arenas.
Upepo unagonga dirisha la wodi kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mashine inatema karatasi, sentimita moja kwa dakika,
na Yasna, mwanafunzi wangu, anaishika kwa ncha za vidole
asije akaichafua.

Isome, namwambia. Usiikodolee macho tu.

Mstari wa juu ni mtoto, wa chini ni uchungu wa mama.
Tumekua tukisifu kilichonyooka:
mtu mnyoofu, njia iliyonyooka, neno lililonyooshwa.
Hapa sivyo.
Hapa mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi
unaniinua kitini.
Mtoto mzima hutikisika,
mia na thelathini na nane, mia na arobaini na tano, mia na thelathini na mbili,
mwandiko wa mtu anayeandika barua ndani ya lori.

Halafu mabonde.
Bonde likishuka pamoja na mlima wa uchungu, likarudi nao,
ni kichwa kinabanwa, kinatafuta mlango.
Bonde la ghafla, lenye kingo kali,
mara nyingi ni kiungamwana kimekandamizwa. Mgeuze mama.
Lakini bonde likichelewa,
likashuka wakati mlima umeshapita na mama ameshashusha pumzi,
hilo ni deni, Yasna,
na anayekopa hana mfuko.

"Na hapa?"
Kidole chake kipo kwenye dakika ya kumi na mbili.
Mstari ulishuka, ukakatika, ukarudi umetulia.
Sijui.
Namwambia hivyo hivyo, sijui.
Daktari Barrientos angesema tusubiri.
Yule wa zamu ya jana angeshawasha taa za upasuaji.
Karatasi moja, wasomaji watatu, hukumu tatu.

"Lakini sasa ametulia," anasema Yasna. "Tisini na mbili. Hatikisiki."

Mkono wa Orfelina umeng'ang'ania chuma cha kitanda
kama watu wa mji huu wanavyoshika kamba za mtaani
siku upepo unapotaka kuwabeba.
Nauomba. Ananipa, haulizi.
Vidole viwili kwenye kifundo, macho kwenye saa,
na kila anapopiga yeye, mashine inapiga.
Tisini na mbili.
Tisini na mbili.

Mashine haikudanganya.
Iliulizwa moyo, ikajibu moyo.

Miaka kumi na moja iliyopita sikushika mkono wa mtu.
Karatasi ile ilikuwa nzuri, karibu mita mbili za uzuri,
daktari aliisifu.
Mtoto hakulia.

Tunamlaza Orfelina ubavu wa kushoto.
Natoa pembe ya mbao mfukoni, ile Yasna huicheka,
naikandamiza chini ya kitovu, naweka sikio.
Upepo.
Tumbo la mama, damu yake, upepo.
Nasogeza vidole vitatu.
Upepo.
Kisha huko mbali, nyuma ya kuta nyingi,
mtu anayekimbia.

Njoo, namwambia Yasna, toa hereni hiyo.
Anainama. Midomo yake inaanza kuhesabu kabla macho hayajaamini.

Mimi nachukua kalamu,
naandika pembeni mwa mstari ule mzuri:
Saa tisa na dakika kumi na tisa. Huyu ni mama.
Mtoto amesikika kwa sikio, anapanda, mia na kumi.
Amegeuzwa. Daktari ameitwa.

Nafuta "ameitwa".
Nanyanyua simu.