Orodha ya Jumamosi

Tumu, wifi yangu,
nakuandikia nyuma ya risiti ya umeme,
karatasi nyingine zote watoto wa kaka yako wamezichora magari.

Jumamosi. Usiniletee udhuru.
Mwaka juzi ulikuwa msimu wa karafuu,
hapakuwa na mtu wala kikapu kilichokaa bure.
Mwaka jana mvua, kisha ile arusi ya Konde
iliyokula mchele wetu na miguu yetu.
Safari hii boti inakushusha Mkoani Ijumaa,
unalala kwangu Chake,
na viatu vyako vya kisigino vinalala uvunguni.

Unasema Pemba haina milima.
Haina, kweli.
Tuna vilima: ukishuka kimoja
kingine kimeshasogea kukupokea mzigo.

Tutoke baada ya alfajiri, jua halijatujua.
Chai ya mkandaa kwenye chupa, tangawizi nyingi.
Mkate wa mofa. Samaki wa kukaanga, na ndimu yake.
Maji lita mbili, si moja,
wewe wa mjini unakunywa kwa mazoea ya friji.
Kanga ya pili ya kukalia,
na ya kujitanda tukikutana na watu wa ukweni.

Kilima cha kwanza ni cha maneno.
Hapo tusengenye tumalize, tusipande nayo.
Bondeni kuna mpunga; pita juu ya tuta,
na tukifika kwenye gogo la mnazi lililolala juu ya mto
usitazame maji, tazama kisogo changu.

Cha pili kina mikarafuu mikongwe,
kivuli chake kinanuka jino lililopoa.
Kwa Mwinyi Shaame kuna shokishoki zilizoiva.
Tutaomba, hatutaokota:
yule anapenda kuombwa
kuliko anavyozipenda shokishoki zenyewe.

Cha tatu kirefu.
Na hapa kuna jambo sikukwambia.
Goti langu la kulia.
Daktari alilipiga picha, akaiinua kwenye mwanga,
akaniuliza umri, kama kwamba jibu liko huko.

Basi tuelewane.
Nikisimama, usiseme "umechoka?"
Sema "mandhari".
Mimi nitanyoosha kidole, popote,
wewe utasema "mashaallah",
na goti litapata dakika zake bila ya fedheha.
Nimeshazihesabu: mandhari saba kwenda, nne kurudi.

Ya tano ni ya kweli.
Hapo hata mwenye magoti mazima husimama.
Mkono wa bahari umejipenyeza kwenye mikoko
hadi karibu na mji, kama unatafuta kitu mfukoni,
na Chake yote, mabati na minara,
ni ndogo kama vishikizo vilivyomwagika mezani kwangu.

Utauliza nimejuaje.

Jana nilifunga cherehani saa nne,
nikawaaga nakwenda kutafuta uzi wa zambarau.
Nikaenda kuipima njia.
Au kulipima goti.
Au kujua kama ahadi ya miaka mitatu bado inatembea.
Mwinyi Shaame aliniona peke yangu,
akaniuliza kama nimepotelewa na mbuzi.
Nikamwambia ndiyo.
Maskini, akavaa makubadhi yake
akanisaidia kumtafuta mpaka adhuhuri.
Ukimkuta Jumamosi, mwambie mbuzi kaonekana.

Alipokwenda kusali niliendelea,
nikafika chini ya kilima cha nne.
Kifupi, wallahi. Njia nyekundu, nyasi pembeni,
na upepo unaoshuka kukunusa kwanza
kabla haujakubali upite.
Goti lilikuwa kimya.
Ningeweza.

Nikakipa mgongo, nikarudi na uzi wa zambarau
nilioununua kwa jirani yangu, mlango wa pili.

Njoo na raba, Tumu, na soksi nzito.
Cha nne sikukipanda.
Nimekifunikia kawa.