Lakini

Kazi yangu ni kuwa mlango.
Maneno huingia kwangu yamevaa koti,
hutoka miguu mitupu.

Mahakama ya Kimilili, Jumatatu.
Watu wa wikendi wamejaza mabenchi:
wa busaa, wa rabsha, wa mpaka wa shamba.
Mvua inapiga mabati. Hakimu anangoja ipungue
ndipo jina lisikike.

«Sitati Kundu.»

Anapanda kizimbani, unga ungali
kwenye mikunjo ya masikio yake;
siku tatu za korokoroni hazikuutoa.
Karani anasoma: kwamba mnamo tarehe fulani,
katika soko la Kamukuywa,
pamoja na wengine wasiokuwa mbele ya mahakama,
uliiba mota moja ya posho mili, mali ya Wabomba,
kinyume cha kifungu cha mia mbili sitini na nane
kikisomwa pamoja na cha mia mbili sabini na tano.

Kikisomwa pamoja.
Miaka kumi na tisa nimelipitisha fungu hilo,
na sijaona uso hata mmoja
ukionyesha kwamba limefika.

Nikamwambia kwa lugha ya mama yake:
wanasema uliiba mota. Ni kweli ama si kweli?

Hapa ndipo watu hupotelea.
Nyumbani ukiulizwa kweli, unasema kweli,
ndivyo ulivyolelewa, kwa uji na kwa fimbo.
Humu ndani kweli ni kukubali kila kitu,
hata usichokisikia kikisomwa.
Nimemwona ajuza akikiri shtaka zima
kwa kuwa kuku, ndiyo, alikuwa kwake.
Alikuwa kwake tangu yai.

Sitati akasema: kweli.

Kalamu ya hakimu ikainama.
Kisha kwa chini, kama anayemeza mate,
akaongeza neno moja, na nyuma yake mengine:
niliichukua, lakini miezi minne hajanilipa,
na ni yeye aliyesema, chukua utakachopata.

Askari alikwisha kumshika kiwiko.
Faili arobaini mezani.
Kiongozi wa mashtaka alitazama saa
na mimi, mlango, ningeweza kujifunga.

Nimewahi kujifunga.
Nasipwondi wa Chwele, mwaka wa ukame,
alisema kweli, akasema na lakini,
nami nilikuwa na njaa, ilikuwa saa saba,
nikapitisha neno la kwanza, la pili nikaliacha nje.
Miezi sita. Mtoto wake alinyonya kwa jirani.
Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe hakujua.

«Mheshimiwa, mshtakiwa anasema ni kweli,
lakini.»

Kalamu ikasimama.
«Lakini nini?»
Nikaeleza yote, hata pale sauti yake ilipokwama.
Hakimu akakata mstari, akaandika juu yake: amekana.

Akauliza kama ana wakili.
Nikatafuta neno kwetu, sikulipata,
nikasema: mtu wa kusimama nawe na kusema.
Sitati akanitazama, akashangaa:
«Kwani si wewe?»

Si mimi. Mimi ni mlango, kijana.
Wakili ni yule anayeingia nawe.
Hilo sikulitafsiri, hakuna aliyeuliza.

Dhamana shilingi elfu kumi.
Kesi itatajwa tarehe ishirini na tatu.

Kwenye veranda mama yake alinivuta shati:
kutajwa ni nini? Atatajwa na nani?
Nikamwambia, mtakuja, ataitwa jina, mtarudi.
«Ni hilo tu?»
Siku hiyo ni hilo tu, mama.
Lakini mtafute wakili kabla yake,
na huyo Wabomba, kama kuna aliyemsikia
akisema chukua, mje naye.

Nikarudi ndani, viatu vikilia maji.
Aliyefuata alikuwa wa busaa,
mzee aliyefunga shati hadi kifungo cha juu.
Nikamsomea. Akajibu bila kufikiri:
kweli.

Kalamu ikainama.
Nikainua mkono kidogo,
nikamtazama mdomo,
nikangoja.