Upepo wa Saa Nne

Saa kumi na mbili asubuhi Mpunguzi haina upepo.
Moshi wa jiko langu hupanda wima kama mtu aliyeitwa jina.
Elikana angepuliza saa hiyo.
Lakini alikwenda kwanza kutafuta maji,
foleni ya kisima ikawa ndefu,
na saa nne upepo ukaamka upande wa mashariki
ukiwa na mchanga mdomoni.

Yeye ana mtama. Mimi nina zabibu.
Kati yetu kuna mkonge, hatua mbili na nusu,
na dawa haijui kusoma mpaka.
Inachojua ni upana wa jani:
jembamba, pita;
pana, kaa.

Siku ya tatu vikono vya mizabibu vikaanza kujisokota.
Wiki ya pili jani,
ambalo nalijua kama kiganja cha mwanangu,
likawa pepeo la ukindu,
mishipa imebanana, kingo zimeota meno.
Vichala vikagoma kunenepa, vikabaki punje za uwele.
Mtama wake unang'aa. Unanichungulia juu ya mkonge
bila kosa lolote usoni.

Nilihesabu: mistari kumi na minne.
Nikahesabu tena kwa kreti.
Nikahesabu kwa deni la chama, nikaacha.

Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo.
Niliyanoa usiku kucha,
yale ambayo yakishatoka hayarudi ghalani.

Ndipo akaja bwana shamba Nhembo, kijana,
viatu vyekundu kwa udongo. Akafuata mistari kimya,
wa kwanza, wa tano, wa kumi na nne,
madhara yakififia kama sauti ya mtu anayeondoka.
Kisha akasimama karibu na jiko.
"Na huu?"
Mstari wa arobaini. Upepo ule haukufika huku.
Jani lilelile. Pepeo lilelile.
"Mama Yudita, bomba la kupulizia ni la nani?"

Ni langu.
Nilimwazima Elikana Jumanne, akalirudisha Jumatano
limesuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji, maji ya kununua,
na Alhamisi nikatia salfa ya ubwiriunga
nikaanzia hapa, mlangoni.
Bomba la kwanza liliishia mstari huu.

Jioni hii Elikana amekuja
na debe la mtama wa mwaka jana. Ameliweka chini, hajaketi.
Upepo umetulia.
Bomba liko ukutani, mkanda wake unaning'inia,
na sote wawili tunaliangalia.